Chuma Hakivuki Ruvuma

Msimbwa, Msumbiji
9 Agosti 1976

Dada Laurentia,

Shikamoo. Nimefika salama, na mashine zetu mbili zimefika salama kuliko mimi. Kwenye lori la kutoka Mtwara nilikalia gunia la chumvi, zenyewe zikalala kwenye blanketi langu. Pale Ruvuma wenye mtumbwi walikataa kupakia, wakasema chuma kizito kile kitatuzamisha sote. Nikawaambia, "Basi nipakieni mimi, nikiwa nimekikumbatia." Walicheka mpaka wakalegea, wakapakia.

Bibi Mwanamvua alinipokea mwenyewe. Unamkumbuka yule mama wa Msumbiji aliyekuja Sabasaba mwaka jana akaizunguka mashine yetu ya kukamua mafuta kama mtu anayenunua ng'ombe? Ndiye kiongozi wa ushirika wa wakulima wa minazi hapa. Kiswahili chake ni kama chetu, maana wakati wa vita vyao aliishi kwetu miaka mingi. Minazi iko mingi ajabu. Lakini Mreno aliyekuwa na kinu cha mafuta aliondoka kabla ya Uhuru wao, na alihakikisha kinu hakitazunguka tena. Sasa watu wanakausha nazi, wanauza mbata hizo kwa bei ya mnunuzi, kisha wanasubiri sabuni na mafuta kutoka mbali, wakati nazi zinaanguka mlangoni.

Tulikamua mara ya kwanza mbele ya watu, Jumamosi baada ya swala ya alasiri. Nilimwachia msichana mmoja azungushe parafujo, ili waone haihitaji mtu wa miraba minne. Mafuta yalipoanza kushuka, mzee mmoja alichovya kidole akajipaka goti. "Haya," akasema, "tutaona kesho." Lakini watu walikuwa wameshaanza kuulizana kijiji gani kitapata ya kwanza.

Kwa hiyo Dada, zile mashine zilizobaki bandani Kongowe zije. Nimewaahidi watazipata kabla ya mvua. Nilijisikia mkubwa kuahidi, sikufichi. Kiwanda cha mafundi wa Kibaha na Kisarawe, kinauza nje ya nchi!

Ukipita Msimbu nisalimie mke wangu Swaumu. Barua yake nimeiandika kando.

Mdogo wako,
Mwinjuma Abdala


Ushirika wa Mafundi Chuma
Kongowe, Kibaha
14 Septemba 1976

Mdogo wangu Mwinjuma,

Marahaba. Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya wanachama wote, na ile habari ya mtumbwi nikairudia mara ya pili kwa sababu waliomba. Hata Melkiori alicheka, na unajua mweka hazina wetu hachekeshwi na kitu.

Mashine zimekamilika, zimepakwa rangi ya kijani. Ukiingia bandani unadhani shamba limeota.

Kuhusu kibali cha kuzitoa nchini, maombi yapo ofisini Dar na yanashughulikiwa. Mambo ya nje yana ngazi zake, wewe usiwe na wasiwasi. Waambie wenyeji kwamba Watanzania hawasahau. Kwa sasa waonyeshe vizuri namna ya kutunza hizo mbili: wafute parafujo kila jioni, wasiache mabaki ya mbata yakauke ndani.

Mvua za vuli hapa zinaonekana zitawahi. Wanawake wa Kibuta wanaotumia mashine yetu wameanza kupika sabuni, wametuletea mche mmoja wa kuonja ufundi. Inatoa povu zuri. Nyumbani kwako hawajambo. Mwanao Tatu ameota meno ya mbele, anaringa nayo.

Kaza buti.

Dada yako,
Laurentia Felician
Mwenyekiti


Msimbwa
2 Novemba 1976

Dada Laurentia,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi zinakwenda.

Usihangaike sana na kile kibali. Kikija, kimekuja.

Naomba unitumie mchoro wa parafujo, ule wenye vipimo vyote, na mchoro wa fremu. Ni kwa ajili ya matengenezo. Naomba pia yale maelezo ya kuchomelea tuliyofundishwa kwenye kozi pale Kibaha, yale yaliyoandikwa kwa Kiswahili. Dereva anayeleta barua hii anarudi Mtwara kila baada ya muda, anaaminika.

Wasalimie wote.

Mwinjuma


Kongowe
10 Januari 1977

Mwinjuma,

Michoro nilikutumia, na nimejua ilikokwenda.

Yule dereva unayesema anaaminika alipita hapa kutafuta nati za gurudumu. Nikampa chai, nikamwuliza habari zako kama dada anavyouliza habari za mdogo wake. Akasema, "Mwinjuma? Yule mwenye kiwanda?" Nikadhani amekosea mtu. Akanieleza: banda kubwa, moshi, watu wanachomelea, na nje mashine mpya za kukamua mafuta, sawasawa na hizi zetu za kijani ila hazijapakwa rangi. Kibaoni hakuna jina Kongowe wala Kibaha. Kuna jina la ushirika wa Msimbwa.

Tulikupeleka uwe mguu wetu huko, Mwinjuma, nawe umeota miguu yako mwenyewe. Ufundi ule si wako peke yako. Tuliupata pamoja, tukivunja na kurudia, wewe mwenyewe ulikuwepo parafujo ya kwanza ilipokatika ikamkosa Melkiori kidogo. Wakati yeye anasema kwenye kikao kwamba mtu akivuka mpaka anasahau waliomvusha, mimi ndiye niliyesimama kukutetea. Nikisimama tena nitasema nini?

Uliponiandikia usihangaike na kibali, nilifikiri unanionea huruma. Kumbe ulikuwa huhitaji tena mashine zetu.

Nataka jibu, na liwe refu.

Laurentia Felician


Msimbu, Kisarawe
23 Januari 1977

Dada Laurentia, shikamoo. Na wewe Baba Tatu, salaam.

Barua hii nimeinakili mara mbili, moja inakwenda Kongowe na moja inakwenda Msimbwa. Kila mmoja anasoma yale yale. Madarasa ya jioni ya watu wazima hayakunifundisha kusoma na kuandika ili niwe posta ya siri za watu.

Dada, juzi ulikuja hapa kwa miguu kutoka njia panda, umevaa viatu vya kanisani, nikajua hujaja kusalimia. Ukaketi ukaniuliza, "Swaumu, mume wako anarudi au harudi?" Nikakujibu, "Anarudi." Ukauliza, "Ana kiwanda chake huko?" Nikanyamaza. Hapo ukafikiri namficha. Kisha ukaanza kulia, ukaniambia ule ukweli wako mwingine, ukaniomba nisimwandikie. Nilikubali kwa sababu ulikuwa unalia. Sasa hulii, kwa hiyo sikubali tena.

Baba Tatu, sikiliza. Kibali kilikataliwa tangu Septemba. Dada alikuwa na barua ya kukataliwa mkononi siku ile alipokuandikia kwamba maombi yanashughulikiwa. Chuma cha mashine zile ni cha mgawo wa Serikali, kimetolewa kwa ajili ya wakulima wa nchi hii, hakiruhusiwi kutoka. Mashine zote bado zimekaa bandani. Alinyamaza kwa kuogopa kwamba ukijua utafunga mizigo urudi, na wenyeji wako waone Watanzania ni watu wa maneno.

Dada, na wewe sikiliza. Mume wangu hana kiwanda chake. Ameniandikia yote tangu Oktoba. Alipoona mvua zinakaribia na mashine hazijafika, akaanza kuzitengeneza huko huko kwa chuma cha wenyeji, akiwafundisha. Hakukwambia kwa sababu ushirika haukumtuma kufundisha, ulimtuma kuuza, na aliogopa mtamwita nyumbani kama mwizi.

Mmoja anaogopa mwenzake atarudi, mwingine anaogopa ataitwa arudi. Mnaogopa kitu kimoja, na mimi niko katikati nalima peke yangu.

Mwandikiane kama watu wazima.

Swaumu


Msimbwa
20 Februari 1977

Dada Laurentia,

Shikamoo.

Barua yako na ya Swaumu zilifika siku moja, mkononi mwa dereva yule yule. Nilianza na yako nikakasirika, nikasoma ya Swaumu hasira ikakosa pa kukaa. Ulitaka jibu refu. Hili hapa.

Mwezi wa kumi Bibi Mwanamvua alinijia akasema, "Fundi, watu wananiuliza kuhusu ahadi yako. Mimi nimechoka kuwajibu kwa niaba yako. Twende nikuonyeshe kitu." Akanipeleka kwenye karakana ya yule Mreno. Ndani kuna mashine ya kukereza chuma, kubwa kuliko yetu mara mbili. Mkanda wake umekatwa kwa kisu na gia zimemiminiwa sementi. Nje, kwenye majani, kuna ekseli za malori, vipande vya reli, fremu za matrela, vyote vimelala kama mali isiyo na mwenyewe.

"Fundi wa kutoka mjini alisema bila kuagiza vipuri Ulaya hakuna kitakachozunguka," akaniambia. "Wewe unasemaje?"

Nilipiga magoti nikaigonga ile sementi kwa patasi, kikaruka kipande. Yule fundi wa mjini hakusema uongo, Dada. Alikulia kazini mahali ambapo ukiandika barua kipuri kinakuja. Mimi na wewe hatujawahi kukiona hicho kipuri. Tangu tuanze, ukosefu wa vitu ndio uliotupangia kila hatua: parafujo tukaikereza kutoka kwenye ekseli kwa sababu hakuna chuma kingine, fremu tukaipunguza kwa sababu fimbo za kuchomelea ni chache. Nilikuwa nikiona aibu kwamba mashine yetu imezaliwa na shida. Nilipofika huku nikaona nchi nzima iko kwenye shida ile ile, na mashine yetu inawafaa kama vile imeshonwa kwa vipimo vyao. Mkanda niliukata kwenye tairi. Injini ya dizeli ya kuizungusha ilikataa, ikakohoa, ikakubali.

Lakini Bibi Mwanamvua aliniwekea sharti kabla sijagusa kitu. "Mwenye kinu alituuzia mafuta miaka yote," alisema, "na hakumwonyesha hata mtu mmoja ndani ya kinu kuna nini. Ukitutengenezea kisha ukaondoka na ufundi wako, mimi nitaona tofauti yenu ni rangi tu." Nikamwambia tutafundishana. Sikusubiri kikao chenu. Ningesubiri, ungeniandikia kwamba linashughulikiwa.

Nisamehe kwa hilo la mwisho, lakini silifuti.

Nilifundisha kama tulivyofundishwa Kibaha: kwa Kiswahili, mchoro ukutani, kila mtu ashike kazi, na anayekosea aeleze mwenyewe amekosea wapi. Wana mafundi wazuri sasa. Kuhusu kibao, niliomba jina letu liandikwe, wakakataa. Wamesema hawataki kuwa tawi la mtu tena. Nikawakubalia, maana hata sisi hatungetaka.

Sasa nawe nieleze. Wanachama wanasemaje? Nikiitwa nitarudi. Lakini niitwe kwa kuwa nahitajika huko, nisiitwe kwa kuwa ninashukiwa.

Wako,
Mwinjuma


Kongowe
4 Aprili 1977

Mdogo wangu Mwinjuma,

Marahaba, mara nyingi.

Ni kweli, nilijua tangu Septemba. Nilikuandikia habari za rangi ya kijani ili usiniulize habari za kibali. Swaumu amenichapa vizuri na nimekubali kuchapwa. Sasa nikupe habari.

Baada ya kusoma barua yako nilikwenda Dar, ofisi ile ile, kwa afisa yule yule aliyetunyima kibali. Wote walikuwa kwenye pilikapilika za Chama kipya, nikakaa kwenye benchi mpaka mhudumu akaanza kuniita mama yake. Nilipoingia afisa akachoka kabla sijasema.

"Mama, nilikwambia. Chuma cha mgawo hakivuki Ruvuma. Wakulima wetu wenyewe hawana majembe ya kutosha."

"Umesema kweli," nikamwambia, "na mimi nisingependa kivuke. Nimekuja na swali jingine. Mtu je?"

"Mtu gani?"

"Fundi. Aliyefunzwa na Serikali hii, anayetumwa na ushirika uliosajiliwa na Serikali hii, kwenda kufundisha ushirika wa nchi rafiki. Naye anahitaji kibali cha chuma?"

Akanitazama. Akafungua kabati, akalifunga. Akasema mtu wa aina hiyo ni mtaalamu, na urafiki wa nchi zetu mbili unamtaka aende, kinachohitajika ni barua ya utambulisho kutoka kwetu na muhuri wa mkoa.

"Na wakitaka kutulipa?"

"Fedha za kigeni, hapana. Hapo usinipeleke."

"Si fedha. Ekseli kuukuu za malori. Vipande vya reli. Wanazo zimelala kwenye majani."

Mwinjuma, ungemwona yule bwana! Alisimama. "Mnataka kuingiza chuma?" akauliza. "Kuingiza?" Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kwa mwezi mzima watu walikuwa wanakuja kumwomba chuma, mimi ndiye wa kwanza kumwambia nitaleta. Sheria ile ile iliyotuzuia mlangoni ndiyo iliyotufungulia dirisha, na nilitoka pale nikiwa sina tena kinyongo nayo. Mkono uliotubania chuma ndio uliotupa kozi, ukatupa mashine ya kukereza, ukatufunza kukaa kwenye kikao na kusemana bila kupigana. Hivyo vyote umevibeba wewe ukavuka navyo, na hakuna aliyekukagua.

Halafu kikao. Nilisimama nikasoma barua yangu ya kukataliwa, kisha nikasoma yako, yote, hata pale uliposema hufuti. Kelele zilikuwa nyingi. Melkiori akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, swali langu ni dogo. Mtu ukimfundisha kazi yako, kesho atanunua nini kwako?"

Nikamjibu, "Na leo ananunua nini kwangu? Mashine zote ziko bandani, zihesabu ukitaka. Tulitaka kuuza chuma, na chuma hatuna hata cha kutosha kwetu. Tulichonacho kwa wingi ni ujuzi wa kufanya kazi bila vitu. Huo ndio unaotakiwa huko. Wakijua kutengeneza hii, watahitaji ya kukunia muhogo. Wakijua hiyo, tutakuwa tumebuni nyingine. Fundi anayeogopa mwanafunzi wake ameshaacha kujifunza."

Melkiori akakuna kidevu. "Hizo ekseli," akasema, "ni za malori ya tani ngapi?"

Hapo nilijua tumemaliza.

Imepitishwa hivi: wewe si mwizi, wala Msimbwa si tawi. Ni ushirika rafiki. Sisi tunatoa fundi na michoro, wao wanatoa chuma, na kila baada ya mwaka fundi anabadilishwa. Mashine zilizokuwa zinakusubiri zimegawiwa vijiji vya Kisarawe, Msimbu wamepata mbili.

Neno moja zaidi. Swaumu aliomba nafasi ya kuzungumza, ingawa si mwanachama. Akasema, "Mmepeleka mtu wa kutengeneza mashine. Nani amepeleka mtu wa kutengeneza mafuta?" Wewe unajua chuma, Mwinjuma, lakini mbata ni yeye. Ameikamua tangu usichana wake, na mashine yetu ya kwanza kabisa ni yeye aliyetuambia inaunguza mafuta.

Nimemwandikia barua ya utambulisho. Kwenye nafasi ya kazi nimeandika: Mtaalamu wa Mafuta. Afisa alipiga muhuri bila kuuliza. Swaumu anakuja na Tatu mgongoni.

Dada yako,
Laurentia Felician


Msimbwa
19 Juni 1977

Dada Laurentia,

Shikamoo.

Mtaalamu amefika. Nilimsubiri kivukoni nikiwa nimenyoa na kuvaa shati la Idi. Tatu hakunijua, alijificha kwenye khanga ya mama yake mpaka jioni, sasa haniachi. Swaumu amechoka sana na safari na nimemwambia apumzike siku chache.

Hata hivyo, kabla hajala alitaka kuuona mtambo. Bibi Mwanamvua alimtembeza. Swaumu akachukua konzi ya mbata zilizopashwa moto, akazinusa, akamwangalia Bibi Mwanamvua usoni, akasema, "Dada, mnazichoma. Mafuta haya yatachacha kabla hayajafika mji wenu wa Pemba." Nilitamani ardhi inimeze. Bibi Mwanamvua akavua kilemba, akakaa chini, akasema, "Basi kaa. Tuanze upya." Wamekuwa pamoja tangu saa ile, na mimi naitwa tu panapokuwa na kitu kizito cha kubeba.

Ekseli zimepakiwa. Wenye mitumbwi wamekataa tena, safari hii wakitaka kwanza mche wa sabuni kwa kila mtu. Wamepewa. Mwambie Melkiori ni za tani saba, nyingine kumi, na kuna kipande cha reli nimekichagua kwa ajili yake mwenyewe, atajua cha kukifanyia. Mkivipata mtapata parafujo za miaka.

Kijiji kimoja cha kaskazini kimeleta watu kujifunza. Na wapo wageni wa Komoro waliopita wakauliza kwa adabu tunatoka wapi. Nikawaelekeza Kongowe. Mwingie kikaoni mapema.

Mdogo wako,
Mwinjuma Abdala

Dada, shikamoo. Ni mimi Swaumu, nimeiomba barua kabla hajaifunga. Hapo juu ameandika nimechoka. Sijachoka. Kesho tunapika sabuni na wanawake wa vijiji vinne na vyombo havitoshi. Tuma sufuria kubwa kwa dereva. Nimeuliza mpakani: sufuria inapita.